Bamba na Bawa la Mpiga Mbizi: Kifaa Kipimwe kwa Maji ya Ziwa Letu

Tarehe 24 Novemba 2018, chombo cha starehe kilichoitwa MV Templar kilizama katika Ziwa Viktoria karibu na ufuo wa Mutima, wilayani Mukono, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha yao. Miezi 2 kabla ya hapo, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kimepinduka karibu na kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania, na watu zaidi ya 220 wakafariki dunia. Katika misiba hiyo yote miwili walioshuka chini ya maji kuwatafuta wenzetu walikuwa wapiga mbizi, wakiwamo askari. Na kule Ukara, siku 2 baada ya kivuko kupinduka, walimkuta fundi wa mitambo yu hai ndani ya sehemu iliyokuwa imesalia na hewa, wakamtoa.

Sisi tulio nchi kavu huona katika picha mtu aliyevaa vazi jeusi na mtungi mgongoni, tukamsifu kwa ushujaa wake. Ni haki kumsifu. Lakini ushujaa peke yake hauelei. Kilichomwezesha mtu huyo kushuka, kutulia katikati ya maji, na kupanda tena salama, ni kifaa kinachoushika mtungi wake na kuupima uzito wake. Makala haya yanaeleza kifaa hicho, jinsi ya kukichagua na jinsi ya kukifunga, kwa faida ya askari anayefunzwa kazi ya majini na kwa faida ya jamaa zake wanaomngoja nyumbani.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo ya kwamba hakuna makala iwezayo kumfanya mtu mpiga mbizi. Kazi hiyo hufunzwa majini na mwalimu mwenye ujuzi. Shabaha yetu ni kumfanya mwanafunzi aulize maswali yaliyo bora.

BAMBA NI NINI, NA BAWA NI NINI?

Mwaka 1943, huko Ufaransa, Jacques Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza kipumulio kilichomwezesha mtu kuvuta hewa kutoka kwenye mtungi kwa kadiri ya haja yake chini ya maji. Tangu siku hizo swali likawa, je, mtungi huo mzito ushikwe mgongoni kwa namna gani? Na mtu azuiwe vipi asizame kama jiwe wala asiibuke kama kizibo?

Jibu lililoenea sana ni jaketi la kuelea, ambalo huvaliwa kama koti na kujazwa hewa. Lakini miaka ya 1970 ilipokuwa ikielekea mwisho, wapiga mbizi waliokuwa wakiingia katika mapango yaliyojaa maji huko Florida, nchini Marekani, walianza kutumia njia nyingine. Walichukua bamba la madini lililokunjwa kidogo katikati, wakapitisha mikanda ya nailoni katika matundu yake, na baina ya bamba na mtungi wakaweka mfuko wa hewa. Mfuko huo hutanda kushoto na kulia kwa mtungi, na kwa ajili hiyo huitwa bawa.

Kwa hiyo kifaa hiki kina sehemu tatu tu: bamba linalobeba, mikanda inayofunga, na bawa linaloelesha. Kila moja huweza kubadilishwa peke yake. Bawa likitoboka, hununuliwi bamba jipya. Mkanda ukichakaa, hukatwa mwingine. Hali kadhalika, kifuani hapana mifuko wala vitambaa vinavyoning'inia, na hilo ni jambo kubwa katika ziwa letu, ambamo mpiga mbizi aghalabu hukutana na nyavu zilizotupwa na mizizi ya magugu maji, tena katika maji yenye giza ambamo hauoni mkono wake mwenyewe.

MAJI YA VIKTORIA SI MAJI YA MOMBASA

Vitabu vingi vya upigaji mbizi vimeandikwa kwa ajili ya bahari. Mtu akiyachukua maagizo yake na kuyaleta Ggaba au Port Bell bila ya kuyapima upya, atakuwa amejitwika hatari. Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni chumvi. Lita 1 ya maji ya bahari ina uzito wa gramu 1,025 hivi, na lita 1 ya maji baridi ya ziwa ina gramu 1,000. Tofauti hiyo ya gramu 25 huonekana ndogo, lakini na tufanye hesabu. Mpiga mbizi pamoja na vifaa vyake vyote huchukua nafasi ya lita 100 hivi majini. Basi bahari humwinua kwa kilo mbili na nusu zaidi ya ziwa. Aliyejifunza Mombasa akiwa na kilo 6 za vizito vya risasi kiunoni (tunasema madini ya risasi, wala si zile za bunduki), akija Viktoria na vifaa vile vile huhitaji kilo tatu na nusu tu. Asipozipunguza, atashuka upesi kuliko apendavyo, atatumbukia katika tope la chini, atalivuruga, na kazi yote ya kutafuta itaharibika kabla ya kuanza.

Sababu ya pili ni mwinuko. Ziwa Viktoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa inayoligandamiza ni pungufu kwa zaidi ya sehemu 1 katika 10 kuliko ile ya pwani. Majedwali ya kupanda kwa salama, yaani yale yanayomwonyesha mpiga mbizi muda anaoweza kukaa chini bila ya kudhurika na hewa inayotokeza mapovu katika damu, yametungwa kwa usawa wa bahari. Hapa kwetu kina cha mita 20 hapana budi kihesabiwe kama mita 23 hivi. Hewa iliyo ndani ya bawa nayo hufuata kanuni hiyo. Baharini lita 1 ya hewa kwenye kina cha mita 10 hupanuka ikawa lita 2 mpiga mbizi afikapo juu, na hapa huzidi lita 2. Asiyeitoa kwa wakati huchukuliwa juu kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo inayopasua mapafu.

KUCHAGUA BAMBA

Mabamba huuzwa ya namna mbili zaidi. Lipo la chuma kisichoshika kutu, lenye uzito wa kilo mbili na nusu hadi 3, na lipo la aluminiamu, lenye kilo 1 au pungufu. Wauzaji na vitabu vya nchi za baridi husifu sana la chuma. Nao wana haki kwao, kwani mtu wa huko huvaa vazi nene linalomwelesha, naye huhitaji uzito mwingi ili azame.

Mpiga mbizi wetu hana hali hiyo. Maji ya Viktoria yana joto la nyuzi 24 na zaidi, na vazi la mpira lenye unene wa milimita 3 hadi 5 humtosha. Vazi jepesi haliinui sana, na maji yasiyo na chumvi nayo hayainui sana. Mtu huyo akifunga bamba la chuma pamoja na mtungi wa chuma, huenda akawa mzito kupita kiasi kabla hajaongeza hata kipande kimoja cha risasi. Na uzito wa bamba hautupiki. Kizito cha kiunoni mtu aweza kukifungua na kukiacha kianguke wakati wa shida, lakini bamba limefungwa mwilini mwake.

Kwa hiyo iko kanuni nyepesi ya kukumbuka: mtungi wa chuma upewe bamba la aluminiamu, na mtungi wa aluminiamu waweza kupewa bamba la chuma. Mtungi wa kawaida wa aluminiamu wa lita 11, hewa yake inapokaribia kwisha, huanza kuelea na kuvuta juu kwa kilo moja na nusu hivi, na hapo bamba la chuma hufaa kuurudisha. Mitungi mingi ya chuma haielei hata ikiwa mitupu.

Kabla ya kulinunua au kulipokea ghalani, pitisha kidole katika kila tundu la bamba. Ukingo wowote unaokwaruza kidole utaukata mkanda. Usugue kwa tupa na msasa mpaka uwe laini.

KUCHAGUA BAWA

Mabawa hupimwa kwa uzito yanaoweza kuuinua. Wengi hudhani kubwa ndilo bora. Sivyo. Bawa kubwa mno likifungwa kwenye mtungi mmoja hujikunja pande zote mbili za mtungi, hewa hunaswa ndani ya mikunjo, nayo hukataa kutoka wakati mtu anapanda.

Tufanye hesabu tena. Bawa linatakiwa lifidie mambo matatu. Kwanza, uzito wa hewa: mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 una hewa ya lita 2,400, yenye uzito wa karibu kilo 3. Pili, vazi la mpira hubanwa na kina na kupoteza uwezo wake wa kuelesha, tuseme kilo 3. Tatu, zana anazobeba, tuseme kilo 2. Jumla ni kilo 8. Tena bawa liweze kuvielesha vifaa vyote vyenyewe, mtungi ukiwa umejaa, wakati mwenye navyo amevivua majini kando ya mashua. Kwa mtungi mmoja, bawa la kilo 13 hadi 18 hutosha kwa hayo yote. Yale ya kilo 20 na zaidi ni ya mitungi miwili.

Hapa hapana budi tutoe onyo. Bawa si winchi. Askari aliyeipata silaha iliyotupwa majini, injini ya mashua au kitu kingine kizito, asijaze bawa lake ili akipandishe. Kitu kikimponyoka mkononi, hewa aliyoijaza kwa ajili ya kitu hicho itamrusha juu yeye mwenyewe. Kazi hiyo ina mfuko wake wa kuinulia mizigo, unaofungwa kwenye kitu chenyewe.

KUFUNGA NA KUPIMA MIKANDA

Mkanda wa nailoni wa upana wa sentimita 5 hupitishwa mmoja, bila ya kukatwa, kutoka kiunoni upande mmoja, kupitia mabegani, hadi kiunoni upande wa pili. Upimwe mtu akiwa amevaa vazi lake la kazi. Anayeupima akiwa na shati atajikuta amebanwa siku ya kazi.

Ukingo wa juu wa bamba ukae chini kidogo ya shingo, ili mtu akipeleka mkono nyuma ya kichwa auguse kwa vidole. Mikanda ya mabega isibane, kwani kiganja chapaswa kupita chini yake bila ya kushindana. Mkanda wa kiuno ndio unaokazwa. Bizimu yake iwekwe kuliani mwa kitovu, isikae katikati, ili mkanda upitao baina ya mapaja usije ukaifungua. Mkanda huo wa mapajani una kazi ya kulizuia bamba lisipande kichwani wakati mtu ameinamisha kichwa chini. Uwe mrefu wa kutosha mtu kuinama, na mfupi wa kutosha bamba kutulia.

Pete za herufi D ziwe chache. Mbili kifuani, usawa wa kwapa, ambapo dole gumba la mkono wowote huzifikia, na moja kwenye nyonga ya kushoto. Kila pete ya ziada ni ndoana ya kunasa nyavu. Kisu kidogo au kikatio kikae kwenye mkanda wa kiuno upande wa mbele, ambapo mikono yote miwili hukifikia. Mkanda mmoja usio na bizimu mabegani ni imara, ila katika dharura huenda mwokoaji akalazimika kuukata. Basi mwenzako ajue kisu chako kilipo kama anavyojua chake.

Ncha za mkanda zilizokatwa ziunguzwe kidogo kwa moto wa kiberiti zisifumuke. Mikanda inayoushika mtungi iloweshwe kwanza ndipo ikazwe, kwa sababu nailoni hulegea ikipata maji, na mtungi uliofungwa mkavu waweza kuteleza ukachomoka. Mtungi usipande juu mno hata kisogo kigonge vali yake, wala usishuke mno hata mkono usiifikie.

Bomba la kujazia hewa lipite juu ya bega la kushoto na kushikwa na kipande cha mpira kifuani. Kitufe chake kibonyezwe mara kadhaa. Kinachokwama hujaza bawa chenyewe, na mpiga mbizi hana budi kujua kulichomoa bomba hilo akiwa amefumba macho.

KUJARIBU MAJINI

Hapa Kampala tunayo bahati moja. Maji ya bwawa la kuogelea hayana chumvi, kama ya ziwa. Kipimo cha uzito kilichofanywa kwa uaminifu bwawani hufaa ziwani, ambapo kipimo cha pwani hakifai.

Mpiga mbizi aingie na vifaa vyake vyote, mtungi ukiwa umebaki na bar 50, bawa likiwa tupu kabisa. Asimame wima pasipo kupiga miguu, na kuvuta pumzi ya kawaida. Maji yafike usawa wa macho. Akitoa pumzi, azame polepole. Akizama hali mapafu yamejaa, ni mzito mno, na apunguze risasi. Ikiwa mtungi umejaa wakati wa jaribio, aongeze kilo 2 baadaye, kwa ajili ya hewa atakayoitumia.

Jaribio la pili lifanywe mbele ya mwalimu. Mtungi umejaa, bawa tupu, naye yuko chini ya bwawa. Je, aweza kupanda kwa miguu yake tu, akipumua kama kawaida? Kama hawezi, basi siku bawa litakapotoboka ziwani hatarudi bila ya kutupa uzito. Na kama uzito wote umo katika bamba na mtungi, hatakuwa na cha kutupa. Jaribio hili huchukua dakika chache, nalo hutoa jibu ambalo cheo, nguvu za mwili na miaka ya kazi haviwezi kulitoa.

Kabla ya kushuka, wawili wakaguane kwa sauti. "Afande, hewa yako?" "Bar 200, vali wazi." "Bawa?" "Linajaa, linatoa." "Bizimu?" "Imefungwa, kulia." "Vizito?" "Kilo 2, vyafunguka." "Kisu?" "Kiunoni mbele." Mdogo amwulize mkubwa bila ya hofu, na mkubwa asikasirike akiulizwa.

UTUNZAJI WA NYUMBANI

Mara nyingine kifaa hurudi nyumbani pamoja na mwenyewe, na hapo jamaa wana sehemu yao. Kioshwe kwa maji safi, ndani na nje. Maji kidogo yamiminwe ndani ya bawa kupitia bomba lake, litikiswe, kisha yamwagwe, kwani tope na maji ya ziwa yakibaki ndani huozesha mfuko. Kianikwe kivulini, bawa likiwa na hewa kidogo ndani. Kisiwekwe karibu na sigiri, petroli wala mafuta ya taa, wala mahali penye panya. Kila baada ya muda lijazwe hewa usiku. Likiamka limelegea, lizamishwe katika beseni na mapovu yataonyesha tundu lilipo. Mshono au mkanda uliofumuka usishonwe kwa uzi wa nguo, bali upelekwe kwa fundi wa kikosi.

Watoto wasipewe bawa kuogelea nalo. Bawa si jaketi la kuokolea maisha. Hewa yake iko mgongoni, nalo laweza kumlaza aliyezimia kifudifudi, uso ndani ya maji. Jamaa wanaovuka kwenda visiwani wavae jaketi za abiria, kila mtu na saizi yake, zifungwe kabla chombo hakijang'oa nanga.

Hali kadhalika, jamaa wakumbuke mambo mawili ya afya. Ziwa letu lina kichocho, kwa hiyo mpiga mbizi apimwe hospitalini mara kwa mara na kutibiwa. Tena aliyepiga mbizi leo asisafirishwe leo hii kwa ndege kutoka Entebbe, wala kwa gari kupanda milima ya Kabale. Mwinuko humzidishia mapovu ya damuni. Angoje siku nzima, hata kama ni safari ya likizo iliyongojwa sana. Na akilalamika maumivu ya viungo, ganzi au kizunguzungu baada ya kazi, asiambiwe alale, bali apelekwe kwa daktari mara moja na daktari aelezwe ya kwamba alikuwa chini ya maji.

Ndugu msomaji, wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Wapiga mbizi wetu huyafikia maji hayo kwa niaba yetu, aghalabu siku ambayo kila mtu ufuoni analia na kuwahimiza washuke upesi. Siku hiyo hapana nafasi ya kupima mkanda wala kuhesabu risasi. Hesabu hiyo ifanywe sasa, bwawani, maji yakiwa yametulia.